Karatasi ya Njano ya Taipureta

Waliokuwepo ni hawa. Baba yangu, Ezra Amwayi, mtu wa reli, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza njia ili treni ya mizigo isije ikakutana na ya abiria. Mama yangu Dorika, aliyeuza mboga sokoni na kuimba sauti ya pili kanisani. Dada yangu Jerida, kifungua mimba, aliyekuwa amemaliza shule na yuko tu nyumbani. Mimi Loisi, wa pili, darasa la kwanza, nimeng'oka meno mawili ya mbele. Mama Trufosa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ukipiga chafya kwetu yeye anakujibu kutoka kwake. Mchungaji Obadia. Na Mzee Zakayo Lihanda pamoja na mke wake Rusia. Mzee Zakayo hakuwa wa damu yetu, lakini yeye na Baba walitoka kilima kimoja huko magharibi, wakafika Nakuru kwa behewa moja, wakalalia mkeka mmoja mpaka walipopata kazi. Kwa hivyo sisi watoto tulimwita Baba Mkubwa.

Rafiki yangu Rebeka hakuwepo. Walikuwa wameshahamishwa, na nitaeleza, kwa sababu bila kuhama kwa kina Rebeka haya mambo hayangekuwa.

Nimekumbushwa na katoni. Mjukuu wangu Sharoni, ninayekaa naye hapa Kaptembwo, alinunua kompyuta kwa simu. Hakutoka hata mlangoni. Aliona picha, akatuma pesa, na baada ya siku tatu akapata ujumbe kwamba mzigo wake umefika mjini aende na namba yake. Akarudi na boda boda, katoni amelikumbatia kama mgonjwa. "Shosh, hii ni seti nzima," akaniambia. "Kuna skrini, kibodi, mausi, na spika wamenitupia bure. Ukinunua moja moja utalia." Alipokata ile gundi ya katoni, harufu ikatoka. Harufu ya kitu kipya kilichofungwa na watu usiowajua, huko mbali. Nikakaa chini kwenye stuli. Sharoni akauliza kama ni presha. Nikamwambia si presha, afungue tu.

Sasa ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye landi za reli, mnajua tulivyokuwa. Nyumba za mstari, chumba kimoja kimoja, mfereji mmoja kwa mstari mzima, na vumbi jeupe la ziwa likivuma mchana linaingia mpaka kwenye uji. Hakuna mtu wa landi aliyekuwa na sanduku lake la posta. Sanduku lilikuwa la kanisa, na ufunguo wake ulikuwa mmoja, na ufunguo huo ulining'inia shingoni mwa Mzee Zakayo kwa uzi wa katani. Kila Jumapili baada ya ibada, alisimama kwenye nyasi na mfuko wake wa turubai, akaanza kuita. "Ezra! Ya nyumbani hiyo!" "Mama Trufosa, mwanao amekukumbuka leo, mpigie vigelegele!" "Josia, wewe hakuna, endelea kuomba." Watu walicheka. Yeye hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa mwenye kiti cha mbele, alikuwa mfagiaji wa stesheni, lakini saa ile ya barua, hakuna mtu aliyekuwa mkubwa kuliko yeye. Alikuwa anashika habari za watu wote, za vifo na za mahari na za watoto waliozaliwa, na hakuna aliyewahi kusema barua yake imefika ikiwa imefunguliwa.

Kitabu cha picha kilikuja kwa njia hiyo hiyo. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inatuma vitabu vyenye picha za vitu, saa, baiskeli, cherehani, unachagua, unaandika, unatuma pesa, na kitu kinakuja kwa posta. Baba alikitazama kile kitabu mwezi mzima. Hakutazama baiskeli, ya kwake alikuwa nayo. Alitazama ukurasa mmoja tu, wenye taipureta. Si mashine peke yake. Ilikuwa mashine na mkoba wake wa kubebea, na utepe wa wino wa akiba, na karatasi za kuandikia, na kitabu cha kujifunza kupiga taipu bila kuangalia vidole. Vyote pamoja kwa bei moja, na bei ilikuwa ya mtu wa kawaida, kama mtu wa kawaida ana kitu cha kuuza.

Baba aliuza baiskeli.

"Huyu mtoto atakaa ofisini," akamwambia Mama, akimwonyesha Jerida kwa kidole. "Atakaa kwenye kiti chenye mgongo."

"Na wewe utaenda kazini na nini?" Mama akauliza.

"Miguu sikuinunua."

Wakati wa kungoja, Baba alichukua ubao wa sanduku la chai, akachora kwa makaa vile vidude vyote vya herufi, safu kwa safu, kama vilivyo kwenye picha. Jerida aliuweka magotini akajifunza kwa huo. Tap, tap, tap, asubuhi hadi jioni, vidole vimejaa masizi. Mama Trufosa alipita mlangoni akasema, "Huyu msichana wenu anachuna kuku gani asiyeisha?" Jerida alikuwa amefumba macho, akinong'ona herufi.

Sasa, kina Rebeka. Baba yake Rebeka aliitwa Andrea, na mama yake Melisa, nyumba ya nne kutoka kwetu. Siku moja tarishi wa reli alifika kwa baiskeli, akasimama kwao, akatoa karatasi ya njano yenye mhuri. Sisi watoto tulikuwa tunaruka kamba pale pale. Andrea hakuwepo. Tarishi akampa Rebeka mkononi, akamwambia, "Mpe baba yako hii. Mwambie asichelewe." Rebeka akampa baba yake. Siku ya tatu walikuwa juu ya behewa na vitanda vyao na kuku wao, wanapelekwa Voi. Rebeka alilia akinishika, mama yake akamvuta. Tangu siku hiyo nilijua kitu kimoja ambacho hakuna mtu alinifundisha. Karatasi ya njano ndiyo inayohamisha watu. Na mtoto akiipokea na kuitoa, basi yeye ndiye amewahamisha watu wake. Nilifikiri kama Rebeka angeila ile karatasi, au angeitupa chooni, wangekuwa bado wako nyumba ya nne.

Mkinicheka mnicheke. Nilikuwa mdogo.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa mfereji, ninalishikia zamu debe la Mama lililoachwa hapo asubuhi, kitabu changu cha shule kikwapani kwa sababu nilikuwa sijafika nyumbani. Mzee Zakayo akaja na kofia yake ya stesheni. Sasa angalieni hapo. Barua alizigawa Jumapili. Hiyo ya siku ile hakutaka ingoje Jumapili, aliona ni ya haraka, akatembea kutoka posta mpaka landi kwenye jua, wakati wake wa kula. Wema wake ndio uliomponza.

"Loisi, baba yuko?"

"Yuko zamu, Baba Mkubwa."

"Na mama?"

"Sokoni."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi. Ya njano. Ina mhuri mweusi wa duara, na kwenye mstari wa juu nikaona jina la Baba, kwa sababu *Ezra* nilishajua kulisoma. "Mpe baba yako hii," akasema. "Mwambie asichelewe." Akanipigapiga kichwani, akaenda.

Maneno yale yale. Hakuongeza neno *mzigo*, hakusema *taipureta*. Angesema hata moja, nisingekuwa na cha kuwaandikia leo.

Debe langu likajaa likamwagika, mama mmoja akanifokea, sikusikia. Niliona vitanda vyetu juu ya behewa. Vitabu vyetu vya shule tulivivika jalada la karatasi ya kaki, mnakumbuka, unakunja pembeni unachomeka. Nikachomoa jalada kidogo, nikaingiza ile karatasi ya njano kati ya kaki na kitabu, nikachomeka tena. Nikabeba debe nyumbani. Jerida alikuwa anapiga ubao wake. Tap, tap. Nikaona nimewaokoa wote.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada, Mzee Zakayo kwenye nyasi, mfuko begani. "Ezra! Barua ya Nairobi!" Baba akaifungua pale pale, Jerida akamsomea juu ya bega. Kampuni ilikuwa inasema mashine imeshatumwa, aende posta ya Nakuru.

Mzee Zakayo akacheka. "Sasa hiyo si mmechelewa kusoma? Mashine umeshaichukua, sivyo?"

"Mashine gani?" Baba akasema.

"Si kadi ya mzigo nilileta? Jumatano. Nilimpa Loisi mkononi, pale mfereji."

Watu wote wakanigeukia. Mama Trufosa aliacha kutafuna. Baba akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akauliza polepole, "Loisi. Baba Mkubwa wako alikupa kadi ya mzigo?"

Nikafikiri. Naapa kwamba nilifikiri. Kadi ya mzigo mimi sikupewa. Mimi nilipewa karatasi ya kuhamisha. "Hapana," nikasema.

"Nilimpa, Ezra."

"Mtoto anasema hapana."

"Mtoto amesahau."

Baba akasimama wima. "Mtoto wangu hana kichwa cha kusahau. Na mtoto wangu hadanganyi." Alisema kwa sauti ya watu wote. Nilisikia raha kwa muda mfupi sana, kama ukiwa umeshikwa mkono barabarani. Kisha nikamwona Baba Mkubwa ananiangalia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja niseme kitu kingine.

Jumatatu Baba akaenda posta kwa miguu. Karani wa dirishani akafungua daftari lake, akamwambia kadi ilitoka ikawekwa sandukuni, na bila kadi mzigo hautoki, ndiyo sheria. Na mzigo ukikaa muda wake ukaisha, unarudi ulikotoka. Baba akarudi nyumbani akaketi kitandani bila kuvua viatu. Kadi iliwekwa sandukuni. Ufunguo ni mmoja. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto.

Wiki ile sitaisahau. Landi ikagawanyika. Mama Trufosa akasimama mlangoni kwetu akasema mambo ambayo alikuwa amesikia na mengine aliyokuwa anatunga akiwa amesimama. "Mbona Zakayo ameweka bati jipya kwa jiko? Bati linatoka wapi kwa mtu wa ufagio? Atakuwa amemuuzia mtu hiyo kadi."

"Trufosa, hilo bati aliokota shedi," Mama akasema.

"Nani anaokota bati jipya?"

"Lina kutu, Trufosa!"

"Kutu ya kupaka hiyo."

Mama akacheka bila kutaka, kisha akaficha uso. Yeye hakuamini. Lakini hakumwambia Baba, kwa sababu kusema Zakayo mkweli ni kusema mimi mwongo, na Baba alikuwa ameshatoa neno mbele ya watu. Na Baba, mtu aliyelalia mkeka mmoja na yule mzee, alianza kuzunguka nyuma ya shedi ya mizigo ili wasikutane.

Jerida hakuacha ubao. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Makaa yalikuwa yamefutika kwa vidole, Baba hakuyachora tena, na yeye aliendelea kupiga kwenye ubao mtupu.

Mimi nilitembea na kitabu changu kifuani. Nililala nacho. Kuna siku shuleni nilichungulia ndani ya jalada, nikaona ule mhuri, na moyo wangu ukaanza kugawanyika. Upande mmoja ukasema, pengine ndiyo hiyo. Upande wa pili ukasema, na kama si hiyo? Ukiitoa, ni Voi. Ningemwuliza Jerida anisomee, lakini Jerida angempelekea Baba kabla sijafunga mdomo. Kwa hivyo nikakaa katikati, na siku zikaenda, na mzigo ulikuwa posta ukingoja kurudishwa, na kila mtu aliyepita karibu na Mzee Zakayo alikuwa anaangalia ule ufunguo.

Jumapili ya pili, baada ya ibada, hakukuwa na kuita majina. Mchungaji Obadia alisema watu wakae. Ilikuwa desturi ya kanisa letu kwamba jambo la washirika wawili linaletwa mbele ya wote, mezani pale penye Biblia, na linakwisha pale. Baba akasimama upande huu. Mzee Zakayo upande ule, kofia mkononi. Mke wake Rusia alikuwa kiti cha nyuma na kitambaa mdomoni.

"Ndugu Zakayo," Mchungaji akasema, "hiyo kadi. Tueleze ilikuwaje."

"Ya njano," Mzee Zakayo akajibu. "Ina mhuri mweusi, wa duara. Jina la Ezra juu, kwa mkono. Nikampa mtoto pale mfereji, nikamwambia, mpe baba yako hii, mwambie asichelewe."

Hapo nikajua.

Sikujua nusu nusu. Nilijua yote mara moja. Karatasi ilikuwa nyumbani, ndani ya jalada la kitabu changu, chini ya mto. Hakuna Voi. Hakuna behewa. Ilikuwa mashine ya Jerida tangu mwanzo.

"Loisi, simama," Mchungaji akasema, na hakuwa mkali. "Usiogope. Hapa uko mbele za Mungu. Mzee alikupa hiyo karatasi?"

Nikasimama juu ya benchi ili nionekane. Baba alikuwa ananiangalia akitikisa kichwa kidogo, ile ya kumtia mtoto moyo. Alikuwa amevaa tai. Nikamwona Mama, macho chini. Nikaangalia kila mahali isipokuwa mahali pamoja.

"Hakunipa," nikasema.

Ile hapana ya kwanza ninaweza kuieleza. Ya pili sina cha kuieleza nayo.

Watu wakashusha pumzi. Mchungaji akamgeukia Mzee Zakayo, akamwuliza kama ana neno. Akaweka kofia kwenye benchi. Kisha akasema, "Sina la kubishana na mtoto," akaanza kuvua uzi shingoni. Uzi ukanaswa kwenye kifungo cha kola. Akavuta, ukakataa. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya kushika ufagio, havikuweza kile kifungo, na kanisa zima lilikaa linamtazama akihangaika, na hakuna mtu hata mmoja aliyeinuka kumsaidia. Rusia ndiye alitoka nyuma, akapita katikati ya watu, akaufungua. Akaweka ufunguo mezani. Wakatoka wote wawili kwa mlango wa pembeni.

Mchana huo watu wa kwetu walikula. Mimi nikasema ninaenda kucheza, nikachukua kitabu changu.

Kina Zakayo walikaa mstari wa mwisho, karibu na tangi la maji. Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, amevua viatu, miguu iko kwenye beseni. Rusia aliponiona akasimama mlangoni. "Umetumwa?" akaniuliza. Nikachomoa jalada, nikatoa ile karatasi, imekunjika kona zote, nikamnyooshea mzee.

Aliishika muda. Mikono yake ilikuwa na maji, wino wa jina la Baba ukaanza kuvimba, akaifuta haraka kwenye suruali.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa kitabu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni ya kuhamisha. Kama ya kina Rebeka."

Alitoa kicheko. Kilitoka chenyewe, kifupi, halafu kikakatika. "Ya kuhamisha," akasema. "Rusia, umesikia? Mtoto alikuwa anatulinda na Voi." Kisha akaniangalia. "Hiyo ni ile Jumapili ya kwanza. Na leo? Leo ulipopanda juu ya benchi ulidhani ni nini?"

Nilitazama beseni. Mchwa mmoja mwenye mabawa alikuwa anaelea kwenye maji.

"Leo nilijua," nikasema.

"Sawa." Akaikunja karatasi. "Sawa. Hilo ndilo nilikuwa nataka kusikia kwa mtu."

Rusia akaja mbele. "Vaa viatu! Mshike mkono umpeleke kwa Ezra sasa hivi. Sasa hivi, kabla watu hawajalala na hilo neno!"

"Ezra amesema mbele ya kanisa lote mtoto wake hadanganyi."

"Na amedanganya!"

"Ndiyo. Nikimpeleka, Ezra atampiga kwa aibu, na mtu anayepiga kwa aibu hajui pa kuachia. Na yeye mwenyewe hataingia lile kanisa tena. Ninamjua Ezra."

"Na wewe je?" Rusia akasema. "Wewe utaingia?"

Mzee alitoa mguu mmoja kwenye maji, akaufuta, akatoa wa pili. Mimi nilikuwa nimeanza kulia. "Usilie hapa," akaniambia, na hiyo ilikuwa kali, mara ya kwanza na ya mwisho kunisemesha kwa ukali. "Umenivunja, Loisi. Ujue umenivunja. Siku moja utakuwa mtu mzima, na hutamwogopa baba yako. Siku hiyo utasema. Si lazima niwe hai. Lakini utasema."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Nenda nyumbani."

Kesho yake asubuhi alikuja kwetu kabla Baba hajaenda zamu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda. Alibisha, hakuingia. "Ezra, nimeipata," akasema. "Ilikuwa kwa bitana ya koti. Mfuko umetoboka, ikaanguka ndani. Nimezeeka. Nisamehe."

Baba aliipokea. Nilingoja amwambie akae, amiminiwe chai, maana hakuna mtu aliyewahi kusimama mlangoni kwetu hivyo, sembuse yeye. Badala yake Baba akasema, "Kusahau ni kusahau. Lakini ulimsingizia mtoto wangu. Mbele ya watu."

"Ni kweli."

"Mtoto mdogo hivi, Zakayo."

"Ni kweli, Ezra."

Mama akatoka jikoni na kikombe mkononi, lakini Mzee Zakayo alikuwa ameshaenda.

Mzigo ulikuwa bado haujarudishwa. Baba akaazima mkokoteni wa shedi, akauleta. Watu wa mstari wetu wote walikuja kuona. Alipopasua sanduku harufu ikatoka, mafuta ya mashine, nyasi kavu za kukingia, karatasi ambayo haijaguswa. Kila kitu cha kwenye picha kilikuwemo, hata utepe wa akiba. Jerida akakaa, akafumba macho, akaweka vidole. Na vilikwenda vyenyewe. Mama Trufosa akapiga kigelegele mpaka mtoto wa nyumba ya sita akaamka. Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Jerida alikuja kukaa kwenye kiti chenye mgongo, tena miaka mingi, na aliwasomesha wadogo zetu waliozaliwa nyuma yangu, si mimi niliyekataa shule darasa la nne. Walisema ni uvivu. Sikuwa ninaweza kushika kitabu chenye jalada la kaki.

Lakini kazi ya kwanza ya ile mashine haikuwa ofisini. Mchungaji Obadia alikuja Jumamosi ya wiki ile ile, akafurahi nayo, akamwomba Jerida ampigie tangazo moja la kanisa, liwe safi. Jerida akaandika kwa furaha, vidole kumi vyote. Jumapili likabandikwa mlangoni. Sikuweza kulisoma lote. Niliweza kusoma *Zakayo*, na baadaye nikaambiwa yaliyobaki, kwamba ameondolewa kushika ufunguo wa sanduku kwa kukosa uangalifu, na badala yake ni Josia. Ndipo baada ya ibada Josia akasimama na mfuko kwenye nyasi akaita majina kwa aibu, bila mzaha, na Mzee Zakayo akasimama nyuma na kofia yake, akingoja kuitwa kama mtu mwingine yeyote. Alikuja kila Jumapili. Hakukosa hata moja.

Alipostaafu walirudi kwao kilimani. Nilikuwa msichana mkubwa, nina nguvu za kusema, nikawasindikiza mpaka stesheni nimembebea Rusia kikapu chake. Baba hakuja. Mzee Zakayo aliniangalia dirishani mpaka treni ikaondoka, na mimi nikapunga mkono tu. Akafa. Baba naye akafa, akiamini mpaka mwisho kwamba mtoto wake hadanganyi, na Rusia akafa, na Jerida tulimzika mwaka uliopita mvua ikinyesha. Hakuna wa kumwogopa tena. Nilimwogopa nani miaka hii yote sijui.

Kwa hivyo ninyi mliokuwepo kanisani siku ile, mliobaki, na watoto wenu mliowasimulia: ile kadi haikuwa kwenye bitana ya koti. Koti la Mzee Zakayo lilikuwa zima. Alinipa mimi, mkononi, siku ya Jumatano pale mfereji, na niliulizwa mara mbili nikakana mara mbili. Kama Josia aliitwa Josia au Yosia, kama nyumba ya kina Rebeka ilikuwa ya nne au ya tano, kama mke wa Andrea alikuwa Melisa au jina lingine, niambieni nirekebishe, umri umekwenda na ninaweza kukosea. Majina ya watu yasipotezwe. La Zakayo Lihanda nililipoteza mimi, na ninalirudisha kama lilivyokuwa. Kwa hilo, mwenye la kunisahihisha alikuwa mmoja tu, na yeye alinyamaza.